Mashini ya Kukamata Mwendo wa Wakimbizi wa Kashovu

Mheshimiwa Mwakilishi wa yule aliyetumwa kumwakilisha Mheshimiwa mwenyewe, ambaye kiti chake munakiona hapa mbele kimefunikwa kitambaa cheupe. Waheshimiwa wakubwa wa ofisi zote ambao barabara ya Sake imewakatalia kufika. Baba padri, ambaye ametuma katekista, na katekista, ambaye ametuma radhi. Shefu wa kambi ya Kashovu na wasaidizi wake, pamoja na wale wanaojiita wasaidizi wake. Wamama wote wa mstari wa maji. Muzee Namegabe, ambaye ninamuomba akae chini maana sijafika kwake. Mabibi na mabwana wakimbizi wa ngazi zote, wa vita ya zamani, wa vita ya juzi na wa vita ya leo asubuhi: ninawasalimia kwa jina la Mwendo na Akili! (Makofi ya watu watatu. Mbuzi mmoja analia.)

Anayesimama mbele yenu, mimi Cirimwami, Mukubwa wa Ofisi ya Muda ya Mwendo na Akili, ndiye mutu wa kwanza katika Afrika nzima kupita ndani ya mashini ya kukamata mwendo! (Muzee Namegabe: "Mashini gani, papa? Iko wapi?") Swali zuri. Ninaposema Afrika nzima ninataka kusema jimbo letu. Na ninaposema mashini, kwa vile muzee ananikazia macho, niseme tu wazi kwamba ilikuwa ule mlango wa chuma wa uwanja wa ndege, ambao ulipiga kelele kwa sababu ya mukaba wangu wa suruali, wakanivua viatu mbele za watu. Lakini nilipita! Mlango ulinitambua! Na pale pale, nikiwa na soksi tu, wazo hili kubwa likazaliwa. (Kicheko. Mutu mmoja nyuma: "Soksi ilikuwa na tundu!") Tundu halikuwepo, na hata kama lilikuwepo, halimo katika ajenda.

Ndugu zangu, sayansi ni nini? Sayansi ni kuangalia kitu ambacho kila mutu anakiona, kisha kumuambia kwamba hakukiona vizuri. Kutembea, kwa mfano. Ninyi munafikiri munatembea. Munachukua bidoni ya maji, munaweka kamba kwenye paji la uso, mumekwenda. Lakini kule Ulaya wataalamu wanamufunga mutu vidude vidogo vya kungʼaa kwenye mabega, viwiko, kiuno, magoti na vifundo vya miguu, wanamutembeza katikati ya makamera yaliyosimama duara, na kamera haioni uso wake, haioni nguo yake, haioni njaa yake, inaona vile vidude peke yake, halafu ordinatere, ile kompyuta yao, inaviunga kwa mistari, na pale kwenye kioo unaona mutu wa nukta nukta anatembea bila nyama. (Mama mmoja: "Njo sawa siye, bila nyama!") Kimya, mama, hii ni sayansi. Na kutoka kwa nukta hizo wanajua akili yake inafanya kazi gani! Maana mutu akitembea huku unamuuliza ahesabu kwa kurudi nyuma, mguu unachelewa, kwa sababu akili ni moja, na sasa inagawanywa kati ya hesabu na mguu kama sufuria moja ya bugali kwa nyumba mbili. Kwa hiyo Ofisi yangu iliona kwamba hakuna fasi duniani penye kutembea kwingi kama hapa kwetu, na kwamba ni aibu, nasema ni aibu kubwa ya kitaifa, watu kukimbia miaka yote hii bila kupimwa! (Makofi. Mama Kahindo anainua mkongojo.)

Ndiyo, mama Kahindo. Ninyi wote munamujua mama Kahindo, alikuwa muuza maharagi kule mji wa Kiwanja, bomu likamukata mguu wa kushoto chini ya goti wakati wa kukimbia kuja huku. Yeye ndiye ua la projeti yetu. Sema, mama, lakini kwa kifupi, maana hotuba ni ndefu.

(Mama Kahindo: "Papa mukubwa, sikatai, endelea. Lakini kule mjini, Sista Laurence wa karakana ya miguu ya bandia anapima watu leo mara ya mwisho. Jioni anafunga, mpaka mwaka kesho. Niende ao nibaki?")

Ubaki! Nilikuambia tangu mwanzo, na ninarudilia mbele ya umati: Sista anakupima na kamba ya fundi cherehani, mashini yangu imekupima na mwanga! Mguu wa Sista ni mguu wa kila mutu. Mguu wa kwangu utajua wewe ni nani, utajua unaenda wapi kabla hujaamua, utajua hata kama unaenda kwa jirani kusengenya. Vipimo vyako vimo ndani ya mashini. Kaa chini. (Cikuru, musukuma chukudu: "Mama, chukudu iko hapa, tuteremuke polepole, jua lingali juu.") Cikuru, acha mama asikilize. Chukudu ni baiskeli ya mbao, haijulikani katika sayansi. (Mama Kahindo anamuangalia Cikuru, anaangalia jua, anakaa.)

Sasa tuingie katika matokeo. Utafiti wetu umeonyesha, bila shaka yoyote, kwamba asilimia sabini na nane na nusu ya wakimbizi wanatembea. Asilimia kumi na mbili wanakimbia. Asilimia sita wamekaa lakini wako tayari. Waliobaki hawakuonekana, na tunaamini walikuwa wamekwisha kwenda. (Muzee Namegabe: "Na ile nusu, papa? Nusu ya mukimbizi inatembea namna gani?") Nusu ni wewe, muzee, na ule mgongo wako. (Kicheko kikubwa. Namegabe anainua kofia.)

Tumegundua pia jambo ambalo halijaandikwa popote. Mutu wa kawaida, wa nchi zenye utulivu, anafikiri kwa kichwa, kisha kichwa kinatuma habari chini. Mukimbizi anafikiri kuanzia magoti. Bunduki inalia kule Sake, magoti yamekwisha kufunga godoro, yamekwisha kuhesabu watoto, yako barabarani, ndipo kichwa kinafika nyuma kinahema kinauliza: jamani, kuna nini? Hii, ndugu zangu, tumeiita Akili ya Goti, na itabeba jina langu. (Muzee Namegabe: "Na otorite, papa, mukubwa kama wewe? Anafikiri kuanzia wapi?") Otorite hakimbii, muzee. Otorite anahamisha makao. (Namegabe: "Njo vile tuliwaona munahamisha makao mbele yetu! Na magodoro juu ya motokari! Hata mbwa alikaa mbele na dereva!") Yule mbwa alikuwa wa serikali.

Ninaendelea. Tuliwaomba wamama watembee na bidoni mgongoni, huku wakitaja kwa sauti majina ya watoto wao, ili tuone akili inavyogawanyika. Matokeo ni ya kushangaza. Kwa majina ya kwanza mwendo ni mzuri, bega limetulia, mguu unakanyaga. Halafu fasi fulani mguu unasimama. Mama Ernestine, yuko pale amevaa kitenge cha kijani, alisimama kwenye jina la tatu, hakusema tena, bidoni ikaanguka ikapasuka. Mupwa wangu Chance, ambaye ndiye aliyeongoza utafiti, aliandika: uchovu. (Mama Ernestine anaangalia mawe.) Kwa hiyo Ofisi inapendekeza bidoni ndogo zaidi. Hapa kwa kawaida watu wanapiga makofi.

Basi niguse lile suala ambalo wenye midomo mirefu wamelipeleka mpaka Birere, kule mjini, na kulicheka. Ni kweli kwamba tulipowafunga vile vidude vya kungʼaa kwenye magoti na viwiko, ninyi, kwa kuzoea kwenu kwamba hakuna mutu anayekufunga kitu hapa kambini bila kukupa chakula nyuma yake, mulisema hizi ni jetoni, vipande vya kupokelea muchele. Ni kweli kwamba mulikataa kuvirudisha. Mulilala navyo. Mulioga navyo. Ni kweli kwamba pale sokoni kidude cha goti kilifika kubadilishwa kwa kikombe cha maharagi, na cha kiuno kwa viwili, na kwamba kijana mmoja alioa kwa vidude vya mabega vya nyumba nzima, na mukwe akavipokea. Wale wa msaada walipokuja kugawa unga, walikuta kambi nzima imesimama kwenye mstari inangʼaa kama mti wa Noeli, kila mutu ananyoosha goti. (Kicheko. Mama Wivine, wa mstari wa maji: "Wakatuuliza munaumwa nini! Goti langu nilinyoosha mpaka jioni, wakanipa aspirini!") Wengine wangeona hapo kosa. Mimi ninaona mafanikio! Ni projeti gani nyingine katika historia ya jimbo hili ambayo wananchi walilala nayo?

(Mama Kahindo: "Papa, jua limepita kichwa. Mguu nitaupata leo?")

Mama, mguu ni mchakato. Kwanza mwendo unakamatwa, halafu mwendo uliokamatwa unachambuliwa, halafu uchambuzi unathibitishwa, halafu uthibitisho unapelekwa kikao, na kikao, kama kuna viti, kinakaa. (Cikuru: "Mama, sasa hata nikisukuma mbio, barabara imejaa, tutafika amefunga.") Cikuru, nitakuitia polisi. Mama Kahindo, mwaka huu ni mwaka wa mguu! Na sio mguu peke yake! Ninaahidi hapa, juu ya mawe haya ya volkano, kwamba tutajenga Kituo Kikuu cha Mwendo, cha ghorofa, chenye kioo upande wa ziwa la Lac Vert. Tutasawazisha njia zote za kambi ili mukimbie bila kujikwaa. Kila mukimbizi atakuwa na mwendo wake umehifadhiwa ndani ya mashini, hata akifa mwendo wake utabaki unatembea. Na vita ikija tena, Mungu apishe mbali, tutawaambia kwa njia ya kisayansi nani atangulie! (Makofi machache. Mama Wivine: "Kwanza atangulie anayetuambia!")

Sasa nifike kwenye shukrani. Kwetu munajua desturi: mutu asiyetajwa kwenye shukrani, hata umupe ngʼombe, atasema hukumushukuru, na nyumba yake haitakuja kwa kilio chako. Kwa hiyo sitamusahau mutu. Ninamushukuru fundi Hilaire, seremala, kwa kazi yake nzuri ya mbao. (Makofi. Fundi Hilaire anasimama, hakai.) Asante, fundi, ukae. (Hilaire: "Mbao gani, mukubwa? Watu watafikiri nilitengeneza kitanda! Useme kazi.") Kazi ya... vifaa. (Hilaire: "Vifaa gani? Mimi nina watoto wanasikiliza hapa! Useme makamera!") Haya. Kwa makamera. (Hilaire: "Yote!") Yote. Ya mbao ya mukaratusi, iliyopigwa randa vizuri, ikapakwa rangi nyeusi, na kitako cha chupa mahali pa jicho. Hakuna mutu aliyejua, niseme ukweli, mikono ya huyu mutu ni ya dhahabu. (Hilaire anakaa, ametosheka. Watu hawapigi makofi. Wanageukiana.)

Ninamushukuru pia Benny wa Birere, fundi cherehani. (Benny: "Na kazi!") Nilikuwa ninafika, Benny. Kwa kushona vidude vya kungʼaa, sufi ndani, na nje ile karatasi ya fedha ya pakiti za sigara. (Benny, kwa watu wote: "Ninashona pia suti, koti la kipaimara, na kupunguza suruali! Mlango wa bluu!") Ninamushukuru mama Mukantwari, aliyetuazima mota ya kinu chake cha kusaga mihogo, ambayo ilinguruma nyuma ya hema siku zote za utafiti kwa uaminifu mkubwa. (Mama Mukantwari: "Haikufungwa kwa kitu, ninyi watu! Ilikuwa inanguruma bure!") Inanguruma bure, ndiyo, asante mama, umenisaidia. Na mupwa wangu Chance, kwa simu yake, ambamo alitafuta yule mutu wa nukta nukta anayecheza, ambaye kila mumoja wenu alimuona kwenye kioo akasema ni mimi. (Muzee Namegabe anasimama: "Nilijua! Nilijua yule si mimi! Goti langu halikunjiki vile tangu vita ya kwanza! Nilikwenda kumuambia bibi yangu nimepona!") Muzee, pole. Lakini alifurahi? ("Alifurahi. Alinipikia.") Basi sayansi ilifanya kazi.

Na ninawashukuru wafadhili, ambao ndio waliofanya haya yote yawe lazima. Tulisikia wanapita kutafuta fasi ambayo iko tayari kupokea mashini ya kweli, na fasi iliyo tayari, ndugu zangu, ni fasi ambayo mashini imekwisha kuwa. Mungesema nini ninyi? Niwaambie haiko? Basi tukajitayarisha. Barabara ikafungwa. Hawakupita. Na mimi nilikuwa nimekwisha kufungua projeti rasmi, na ukifungua kitu lazima ukifunge, njo maana tuko hapa na hii tepe nyekundu. Kwa hiyo ninaishukuru kwa mwisho mashini yenyewe, ambayo kwa unyenyekevu wake haikuwahi kufika, kuagizwa, wala kuombwa.

(Mama Kahindo amesimama. "Basi mashini haiko.")

Mama, mashini iko kama wazo.

("Na vipimo vyangu?")

Viko... katika roho ya projeti.

("Nilimuambia Sista Laurence ampatie mwingine fasi yangu mara ya kwanza. Mara ya pili nikakaa hapa. Leo nimekaa hapa, ninasikiliza soksi yako.")

Mama, ukiangalia kwa upande wa kimkakati... (Sauti nyingi. Mama Wivine: "Wamama, simameni!") Naam, simameni, vizuri, sasa tunaingia katika miito. Ninaposema Mwendo, munajibu Akili! Mwendo! (Watu: "Mguu!") Akili, nimesema Akili! Mwendo! ("Mguu!") Kashovu! ("Mguu!") Haya, na mguu pia, sikatai. Wakimbizi, juu! Vita, chini! Ofisi ya Muda, milele!

Ninaona wamama wamembeba mama Kahindo. Hiyo ni picha nzuri, Chance, piga, mshikamano wa wananchi. Ninaona wanaelekea upande wa motokari yangu, ile jipu ya Ofisi. Kuna kivuli pale, kweli, mumpumzishe kidogo. Sibomana, dereva, usifungue mlango. Sibomana, mlango ni wa serikali. Sibomana, umefungua mlango. (Sibomana, dereva: "Mukubwa, jioni Sista anafunga. Kwa motokari bado tutamukuta.") Hiyo si safari iliyoidhinishwa! Mbele kuna kiti changu! Wamama, munaingia wangapi? Mama Ernestine pia? Jipu ni ya watu watano, kisheria! (Vicheko, vigelegele. Mikongojo inapitishwa dirishani.) Cikuru, wewe ni mutu wa barabara, uwaambie! (Cikuru: "Mimi sijulikani katika sayansi, papa.")

Sibomana, usiwashe. Sawa, umewasha. Basi sikilizeni, ninafunga rasmi sherehe hii, asanteni kwa kunisikiliza, Mungu awabariki, na ninateremuka jukwaani ili tuongee kama watu. Mama Kahindo, fungua kioo kidogo. Siku ile ya kupiga picha ya ufunguzi, mvua ilinyesha, na mimi, mukubwa mzima, nilikushikilia mwavuli mpaka bega langu lote likalowa, nikaumwa mafua, sikukuambia kitu. Sikukudai. Leo ninadai. Musogee kidogo, nipate fasi. Hata nyuma. Hata chini, kwenye mikongojo, miguu nitaikunja. Mama, kuna njia yote hii ya mawe mpaka barabara ya lami, na watu wote hawa wamekaa pande mbili wananingoja nitembee.